Ubao Nilioutupa

Siku ya uchunguzi wa kifo cha shemeji tulikaa benchi la mbele, mimi na dada yangu, mjane wake. Karani alitusomea kwamba pale hashtakiwi mtu. Hakimu anataka kujua tu marehemu alikufaje, na nini kifanyike asife mwingine.

Dada akaninong'oneza, "Mimi nataka neno moja tu, mdogo wangu. Waseme hakulewa."

Maana ndivyo ilivyoenea tangu Jumatatu ile walipomkuta amejikunja nyuma ya maboksi ya nyama: mlevi kajifungia chumba cha baridi, kalala. Shemeji, ambaye hata dawa ya kikohozi ilimpanda kichwani! Kazini kwetu, ghala la nyama, tulimwita Barafu kwa kushinda chumba cha baridi, na mwenyewe alitutania, "Nyie mtaoza, mimi nitakaa miaka." Utani ule sasa hakuna anayeurudia.

Daktari alisema kilichomuua ni baridi, ila damu ilichelewa kupimwa, hivyo hawezi kujua kama alikunywa. Akafuata msimamizi wetu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Mheshimiwa, mlango ule mzima. Kitasa cha ndani kinafanya kazi. Mwenye akili zake anatoka."

"Kinafanya kazi tangu lini?"

"Siku zote."

Wapagazi wawili waliitwa baada yake. Walitazama viatu vyao, wakasema hawakumbuki. Sikuwalaumu, kazi hazipatikani.

Mimi nilikumbuka. Kitasa cha ndani kilikufa zamani, kikaja kubadilishwa wiki ya mazishi. Kabla ya hapo, kila aliyeingia aliegesha ubao mlangoni usijifunge. Jumamosi ile tuliambiwa bwana afya anakuja kukagua. Mimi, mfagizi, nilikuwa na siku mbili tu upande ule. Nikaukuta ubao chini pale mlangoni, umeloa mafuta na damu ya nyama, nikautupa na takataka. Mlango ukajifunga polepole nyuma yangu. Nikaona afadhali, panapendeza. Saa sita mchana tukafunga kazi, tukaenda zetu.

Maana ya ule ubao niliambiwa msibani. Miezi minane nikalala na jambo hilo chumba kimoja na dada, shuka moja.

"Kuna mwingine mwenye la kusema?" hakimu aliuliza.

Nikasimama.

"Huyu mfagizi tu, mheshimiwa," msimamizi akadakia. "Kaishia darasa la saba."

"Nimeuliza mwenye la kusema. Sijauliza darasa."

Nikasema yote, macho yangu kwenye meza ya karani. Hakimu akaniuliza kama nilijua kuna mtu ndani. Sikujua. Kama nilichungulia. Sikuchungulia. Akaandika, na kalamu yake ilichukua muda mrefu.

Akamwita tena mpagazi mmoja. Huyo akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Ni kweli, mheshimiwa. Ule ubao tuliuita Mlinzi."

Mchana hakimu akasoma uamuzi: marehemu aliuawa na baridi, mlango haukufunguka kwa ndani, na ushahidi wa ulevi haupo. Akapendekeza kila chumba cha baridi kiwe na kitasa cha ndani na kengele, vikaguliwe kila mwezi, na kazi isifungwe kabla ya kuhakikisha watu wote wametoka. Nilimuuliza karani kama hiyo ni amri. Akasema ni pendekezo, wataandikiwa barua.

Nje, dada alisimama ameegemea ukuta.

"Hakulewa," alisema.

"Hakulewa, dada."

"Zile siku mbili nilidhani kanikimbia. Nilimtukana kwa kila jirani." Akanigeukia. "Na wewe ulikuwa unajua. Unanipikia, unanibembeleza, na unajua."

Nikanyoosha mkono kumshika, akaukwepa.

"Leo kalale kwa mama. Usije kunigongea. Nikiweza, nitakuja mwenyewe."

Akaondoka. Nilitaka kumfuata, maana tangu afiwe huvuka barabara bila kutazama. Nikabaki pale pale, nikimwangalia tu, mpaka akafika ng'ambo.