Mukate ya Kuungua Ilikuwa ya Patron

Hata leo, nikipita mutaa ya Vulamba asubuhi na kusikia harufu ya mukate, ninamukumbuka Papa Syauswa. Alikuwaka patron yetu, mwenye boulangerie kwenye tulikuwa tunapika mukate wakati ya vita. Mimi nilikuwa mujane mupya, mwenye batoto ba kulisha. Tulikuwa tunaanza na sala. Ye mwenyewe alikuwa anapiga magoti kwenye simenti yenye unga, kisha anakunja mikono ya shati na kukanda pamoja na siye.

Alikuwa na sheria moja: mukate ya kuungua ni ya patron. Ile nyeusi ilikuwa inaenda kwake, bibi yake, Mama Élise, na batoto banakula na chai. Donc hatukuacha mukate iungue. Nani angependa kumulisha Mama Élise makaa?

Papa Syauswa alipokufa, Zorobabel, bwana ya binti yake, alitoka Beni kushika kazi. Hakukuwa mubaya. Kusali alisali, mais peke yake, ndani ya bureau. Akasema: "Ya muzuri ni ya kuuzisha. Ya kuungua, mukule ninyi."

Basi Mathe, mwenye kuangalia moto, akaanza kuificha ile ya kuungua ndani ya mifuko ya kwenda kuuzishwa Beni, chini ya ile ya muzuri.

"Mathe, Mungu anaona," nikamuambia.

"Aone pia ile banatukulisha, mama."

Bamama ba soko ya Beni bakarudisha mifuko. Zorobabel akatuita bote. "Barabara iko na basoda ba bunduki, unga ni kidogo, na ninyi munaunguza. Ikiendelea hivi, ninafunga."

Niliwaza batoto bangu.

"Patron," nikasema, "ya kuungua, Papa Syauswa alikuwa anakula ye mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Na nyumba yake yote. Bibi yako alikomaa na ile."

"Njo maana iko na meno nguvu," Mathe akasema. Zorobabel akacheka mbele yetu, mara ya kwanza.

Kesho yake, tukiwa kwenye sala, aliingia na kupiga magoti pembeni ya Mathe, na suruali yake ya bureau. Kisha akachagua mukate nyeusi kupita yote, akauma. Tulisikia ikivunjika.

"Mathe," akasema, mudomo umejaa, "kesho unihurumie."

Mathe akaenda kupunguza kuni.

Mifuko ya Beni haikurudi tena. Leo ile boulangerie haiko. Batoto bangu balikomaa. Mais nikipiga magoti kanisani, ninawaza ile simenti, vile ilikuwaka na joto.