Nje ya Nini

Usiku wa kuamkia leo niliota natangaza mpira wa kikapu redioni, jambo ambalo si la ajabu kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nilianza kushangaa kidogo nilipoona kwamba mwamuzi ni filimbi. Ilikuwa filimbi ya plastiki yenye kimo cha mtu mzima, na shingoni ilikuwa imemning'iniza mzee mwembamba mwenye shati la kijivu. Ikitaka kusimamisha mchezo, ilimpuliza yule mzee, naye akapiga kelele.

Vikapu vilikuwa vikapu kweli, vya ukindu, vile vya kwenda navyo sokoni. Mpira ukiingia, kikapu kinalalamika.

"Mayai hayo," kinasema. "Mnanivunjia mayai."

Nikawaeleza wasikilizaji kwamba timu ya Tingatinga inaongoza na kwamba mayai yanavunjika. Sikuona tatizo lolote. Mimi, Gaudence Mkude, nimetangaza ligi ya kulipwa kwa muda mrefu, na najivunia kwamba sijawahi kukosa neno.

Namba kumi na nne wa Tingatinga alikuwa Evarist Kobero. Hapa inabidi niseme kitu. Evarist ni mtoto wa baba yangu, ila si mtoto wa mama yangu, na nyumbani kwetu Mzumbe jambo hilo halizungumzwi. Hata ndotoni halikubadilika. Baba alifariki mwezi uliopita, arobaini yake ni Jumamosi hii, na Shangazi Perpetua alishasema kwamba Evarist asionekane pale. Mimi humtaja redioni kwa jina na namba ya jezi, kama ninavyowataja wengine.

Basi Evarist anaisogelea filimbi. Anainama, maana ameizidi urefu, na kuiuliza kitu sikioni. Filimbi inampuliza mzee.

"Kosa la kiufundi!" mzee anapiga kelele.

Evarist anauliza tena, taratibu, mikono nyuma, kwa adabu zote.

"Kosa la kiufundi la pili!"

Ukishapata mawili ya namna hiyo, huna chako tena uwanjani. Nikajaza mapafu nikasema kwa ile sauti yangu ambayo watu huipigia simu za pongezi: "Na Evarist Kobero anatolewa nje!"

Kipaza sauti kikakohoa.

"Nje ya nini?" kikaniuliza.

"Nje tu," nikasema. "Kila mtu anaelewa."

"Mimi sielewi. Nje ni lazima iwe nje ya kitu. Umeacha sentensi wazi, na mtu keshapita."

Nilipotazama uwanjani, Evarist hakuwepo. Chini ya jukwaa kulikuwa na lango dogo lenye pazia, na pazia lilikuwa bado linatikisika.

"Sasa sikiliza," kikasema kipaza sauti, ambacho nilianza kukiona kina maneno mengi kuliko mimi. "Kengele ya mwisho ikilia kabla hujaijaza hiyo sentensi, itabaki nje tupu. Kijana atakuwa nje ya kila kitu, na hataingia ndani popote tena. Aliyeisema ndiye anayeweza kuijaza."

Nikaogopa. Lakini kwa nini nifiche, zaidi ya woga nilikuwa na hamu ya kujua. Miaka yote naona wachezaji wanatimuliwa. Mmoja anatupa taulo, mwingine anacheka kicheko cha hasira, wanaingia kwenye lango kama lile, kamera inarudi uwanjani, na hakuna mtu anayeuliza wamekwenda wapi. Mimi huwa najiuliza. Nikakibeba kipaza sauti, waya ukanifuata kwa nyuma, nikapita kwenye pazia.

Nyuma ya pazia kulikuwa na karakana. Fundi mwenye penseli sikioni alikuwa ameyaweka makosa yote mawili ya Evarist mezani, na moja alikuwa ameshalifungua. Lilikuwa na nyaya nyingi ndani kuliko nilivyotarajia.

"Makosa ya kiufundi huletwa kwangu," akasema. "Nani aliifanya kazi hii mwanzoni?"

"Sijui."

"Huyu hakuwa fundi. Angalia alivyounga hapa. Inabidi nivunje yote nianze upya."

"Yakipona, mchezaji anarudi?"

"Njoo kesho saa nne."

"Mchezo unaisha leo, fundi."

Akafikiria, akaona anaweza kunisaidia. "Basi njoo kesho saa tatu."

Nikamuuliza mwenye makosa yuko wapi. Akasema alipita, tena alikuwa na haraka, aliuliza nje ni wapi naye akamwonyesha mlango. Mlango wenyewe ulikuwa kati ya makopo ya rangi. Nikaufungua.

Niko Nje ya Mada. Kibao kimeandikwa hivyo, kwa herufi za kijani. Ni ukumbi mkubwa wenye viti vya plastiki, na watu wote waliowahi kutoka nje ya mada mikutanini wamekaa humo, kila mmoja na chupa yake ya maji. Wote wameinua mikono. Namwendea mzee wa karibu, mwenye koti.

"Shikamoo, mzee. Umemwona kijana mrefu, jezi namba kumi na nne?"

"Marahaba. Nakushukuru kwa swali zuri. Ila kabla sijalijibu, ningependa nigusie kidogo suala la mbolea."

Kando yake kulikuwa na mfuko wa mbolea. Akanyoosha kidole akaugusa, kidogo, kama alivyosema. Baada ya hapo akaonekana ameridhika.

"Alipita hapa," akasema. "Tulimkaribisha kiti akakataa. Alisema ana swali moja tu na lipo ndani ya mada. Sisi mtu wa namna hiyo hatuwezi kukaa naye."

"Ameelekea wapi?"

Lakini zamu yake ilikuwa imepita, na jirani yake alikuwa ameshaanza kueleza jinsi babu yake alivyonunua baiskeli. Kipaza sauti kikaninong'oneza kwamba niharakishe. Kwa mbali nilisikia mashabiki wakipiga ngoma, na niligundua kwamba wakati natembea ukumbi ulikuwa umekwisha.

Sasa nipo kwenye korido yenye dirisha moja la huduma. Juu ya dirisha pameandikwa: Nje ya Uwezo Wetu. Ndani hakuna karani. Kuna muhuri umekaa kitini, umechoka.

"Suala lako liko nje ya uwezo wetu," ukasema muhuri kabla sijafungua mdomo.

"Vizuri. Na hapa si ndipo Nje ya Uwezo Wenu?"

"Ndipo penyewe."

"Kwa hiyo suala langu lipo hapahapa."

Muhuri ukakuna mpini wake. Nadhani hakuna aliyewahi kuuliza.

"Lipo," ukakubali. "Sisi ndio hatuwezi kulifikia."

"Kwani lipo mbali?"

"Lipo nyuma yako."

Nikageuka, nikajikuta uani kwetu Mzumbe.

Nisingeweza kupasahau. Kamba ya nguo ilikuwa pale, banda la kuku pale, na dirisha la jiko lenye wavu uliotoboka. Kitu kigeni ni kwamba kando ya ukuta walikuwa wamekaa wachezaji wa kulipwa, warefu, wa ligi mbalimbali, wote waliotimuliwa bila mtu kusema wametimuliwa nje ya nini. Walikaa kwenye vigoda na ndoo zilizopinduliwa, magoti yamefika masikioni. Mmoja alikuwa anamenya vitunguu. Mwingine alikuwa mzee kabisa, mvi zimeota mpaka kwenye kitambaa cha kichwani. Kelele za uwanjani zilitoka ndani ya nyumba. Mchezo ulikuwa unaendelea sebuleni kwetu, na nilikisikia kikapu kikilia mayai yake.

Nilipokuwa mdogo, sijaanza hata shule, nilimsikia Shangazi Perpetua akimwambia mtu kwamba baba ana mtoto wa nje. Nikatoka nje kumtafuta. Nilimtafuta kwenye ua huuhuu, nyuma ya banda, chini ya karo, hadi juu ya mpera. Nilidhani wamemsahau tu, kama watu wanavyosahau nguo kambani mvua ikija. Giza lilipoingia nikaitwa ndani, nikachapwa kwa kuchafua miguu, na sikumwambia mtu nilikuwa natafuta nini. Usiku ule mvua ilinyesha na sikulala, nikimwaza.

Na sasa ninamwona. Amekaa palepale karibu na banda, kwenye ndoo ya bluu, jezi imelowa jasho. Kuku wamemzoea.

"Habari za kazi, kaka," anasema.

"Nzuri. Evarist, ulikuwa unaiuliza nini ile filimbi?"

"Niliiuliza mtu anatolewaje nje ya mahali ambapo hajawahi kuingizwa ndani."

"Na mara ya pili?"

"Hilohilo. Nilidhani haikunisikia vizuri."

Nilimwonea huruma, nikasogea karibu naye.

"Mchezo unaisha," kikasema kipaza sauti. "Maliza sentensi."

Wavu wa dirisha la jiko ukafunuliwa, na Shangazi Perpetua akachungulia, mwiko mkononi. Alikuwa na uso wake wa kawaida, ule wa mtu aliyeonja mboga akakuta haina chumvi.

"Shikamoo, Shangazi," nikasema.

"Marahaba. Gaudence, wewe si ndiye unayejua maneno? Unahangaika nini? Sema nje ya ndoa. Mtoto wa nje ya ndoa. Kila mtu anasema hivyo."

Nikakitazama kipaza sauti.

"Kisarufi inakubalika," kikasema. "Ukiisema, naipokea, nafunga, na yeye anabaki hapo alipo. Wewe ndiye msemaji."

Nikamtazama Evarist. Hakukasirika. Alijikuna goti, akaeleza kama mchezaji anavyoeleza faulo ambayo haikuwa yake.

"Mimi katika hiyo ndoa sikucheza, Shangazi. Wakati huo hata benchi nilikuwa sijakaa."

"Sikukuuliza wewe," Shangazi akasema, lakini mwiko ulishuka kidogo.

Sebuleni mashabiki wakaanza kuhesabu kurudi nyuma. Wachezaji wote kando ya ukuta wakainua vichwa, hata yule wa vitunguu, machozi yakimtoka kwa sababu ya kazi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze utangazaji nilikuwa na kipaza sauti mkononi na sina neno. Nilijua maneno mengi ya kufuata "nje ya," na yote yalikuwa yanamsogeza mbali. Nikatafuta lililo dogo kuliko yote.

"Wasikilizaji," nikasema, na sauti yangu nikaisikia ikitoka kwenye redio ya jikoni, nyuma ya Shangazi. "Nasahihisha. Evarist Kobero ametolewa nje ya mchezo wa leo. Mchezo huo mmoja. Hajatolewa nje ya kitu kingine chochote. Na kwa wale wanaouliza ni nani, huyu ni mdogo wangu, mtoto wa Mzee Mkude."

Kipaza sauti kikakohoa tena.

"Hilo la mwisho halikuulizwa," kikasema.

"Nilikuwa nimelikalia muda mrefu," nikakijibu. "Lipokee."

Kikalipokea. Shangazi aliangalia redio, akaniangalia mimi, kisha akamwangalia Evarist, ambaye alikuwa amesimama na kufunika dirisha lote kwa kifua. Nilijua anatafuta neno la kukataa. Alilitafuta kwa kweli.

"Basi mwambie aingie," akasema mwishowe. "Ananizibia mwanga."

Komeo la mlango wa jiko likafunguliwa kwa ndani. Yule mchezaji mwenye mvi akaninyooshea mkono kwa unyonge.

"Na sisi, mtangazaji?"

"Wewe ulifanya nini?"

"Nilimpiga mwenzangu ngumi."

"Basi wewe subiri kidogo," nikamwambia, na sikuona kama nimekosea.

Evarist akainama kwenye mlango, akainama tena kwa sababu mara ya kwanza haikutosha, akanyanyua mguu avuke kizingiti. Hapo kengele ikalia.

Nikaamka. Ilikuwa alfajiri, hapa kwangu Kihonda, na mke wangu Leokadia alikuwa ananiita kutoka sebuleni kwa sauti ya mtu aliyekuta kitu.

"Baba Colletha! Hebu njoo. Nani amevua viatu humu ndani?"

Nikaenda. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa komeo kama tulivyouacha. Mbele yake, sambamba na makubadhi yangu, palikuwa na jozi ya viatu vya mpira wa kikapu, vikubwa hata zulia la mlangoni limekunjwa ili vipate nafasi. Vilikuwa na umande. Vimepangwa vizuri, pua zikielekea ndani.

Leokadia alivizunguka akavitazama, mikono kiunoni.

"Watu wengine hawana ustaarabu," akasema. "Mgeni anaacha viatu barazani. Vitoe nje."

"Viache hapohapo," nikamwambia. "Si vya mgeni."