Kadi Mbili Katika Kasha la Kioo

Ilikuwa tarehe kumi na mbili Oktoba, mwaka 1880. Asubuhi hiyo upepo wa kaskazini ulivuma kama pumzi ya tanuri, ukapeperusha vumbi katika mitaa yote ya Port Ellery, mji wa bandari wa koloni, hata wanakwaya wa misheni wakaingia jumba la maonyesho macho yakiwawasha na kola nyeupe zimeingia wekundu.

"Shangazi, hebu ona boga lile," Eliya alisema. "Limevishwa utepe wa bluu. Wazungu wamejenga nyumba kubwa kuliko kanisa, kumbe ya kuweka maboga!"

"Funga bakuli lako," Shangazi Nora alimjibu, huku akichechemea katika viatu vya kuazima. "Kungekuwa na utepe wa domo, ungeondoka nao wewe."

Ketura, binamu yake Eliya, alicheka. Alikuwa amefurahi tangu alfajiri. Mchungaji Hartwig alikuwa amewaambia kwamba majaji wa maonyesho wakimaliza kuzunguka ukumbi wa elimu, kwaya itaimba mbele ya wakubwa wote wa koloni. Ketura ndiye angeanzisha.

Wakapita kwenye mawe ya dhahabu, kwenye darubini, kwenye ndege waliokaushwa na kusimamishwa juu ya vijiti. Ndipo Ketura aliposikia jina.

Watoto wa shule walikuwa wamelizunguka kasha la kioo, na mmoja wao alisoma kadi kwa sauti. Lilikuwa jina la baba yake Ketura, lile la lugha ya kwao, ambalo hakuna mtu wa kwao mtoni aliyelitamka tangu walipomzika. Kwao mtu akifa, jina lake huzikwa naye, na anayeliita humwamsha. Kulikuwa na ndege mdogo wa majini aliyeitwa jina hilohilo. Hata ndege huyo walimtafutia jina jingine.

Shangazi Nora aliziba masikio. "Nani anamwita? Ketura, nani huyo anamwita kaka yangu?"

Watoto wakalisoma tena, wote pamoja, kwa kuwa liliwatatiza ulimi na kuwachekesha.

Ketura aliwapenya, akasimama mbele ya kioo. Ndani lilikuwamo fuvu. Taya la kushoto lilikuwa limeunga kombo, pale baba yake alipopigwa teke na farasi. Ketura ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko mpaka taya likashika. Chini ya fuvu kadi ilisema jina lake, kisha: *Wa mwisho wa kabila lake.*

Kaburi walilichimba wenyewe, wakalifunika kwa magome ya miti. Nani alilifukua?

Nyuma yake alisikia sauti anayoijua. Daktari Croll alikuwa anakuja na majaji, akiwaeleza kwamba koloni sasa si machunga ya kondoo tu, ni nchi ya elimu. Huyu ndiye aliyefika mtoni wakati baba anaugua, akaleta dawa bila kutaka malipo. Siku ile alilipapasa taya la mgonjwa kwa vidole viwili, kwa muda mrefu, kwa upole. Tangu hapo hapakupita usiku Ketura asimtaje mbele za Mungu: Bwana, mbariki Daktari Croll.

"Daktari," Ketura alisema, "huyu ni baba yangu. Naye si wa mwisho, mimi nipo. Nakuomba, nimrudishe kaburini."

Daktari alimtazama, kisha akawageukia majaji. "Mabwana, huko misheni kila mwimbaji hujidai binti wa mfalme."

Wengine walicheka. Jaji mkuu, mzee aliyekuja kwa meli kutoka Ulaya, hakucheka. "Jambo hili ni jepesi," alisema. "Binti, baba yako aliitwa nani?"

Ketura alinyamaza.

"Jina liko mbele ya macho yake," daktari alisema polepole, "na misheni imemfundisha kusoma." Alimtazama usoni aliposema hivyo, na Ketura akaona kwamba anajua. Anajua kila kitu.

Alifumbua kinywa. Neno moja tu, na huenda angempata. Lakini kumwita humu? Kumwamsha katikati ya ndege waliokaushwa, ajikute kichwa kiko huku na kiwiliwili kiko mtoni? Ee Mungu, aliomba, nipe neno jingine.

Ndipo alipoiona kadi ya pili, pembeni mwa kasha, kwa mwandiko wa daktari. *Watu hawa hawataji kamwe majina ya wafu wao. Wakilazimishwa, hunyamaza.*

Akaweka kidole juu ya kioo, pale pale.

Mzee aliinama, akasoma. Akamtazama daktari, kisha midomo ya Ketura iliyofungwa. Uso wa daktari uliiva wekundu. Kwa kitambo Ketura aliamini kwamba Mungu amejibu.

"Ajabu!" mzee alisema. "Mila yenyewe, tumeishuhudia kwa macho yetu. Daktari, kazi yako haina upungufu." Akaamuru kasha litundikwe alama ya medali ya kwanza. "Na maonyesho yakifungwa?"

"Linapanda meli, bwana. Jumba la makumbusho huko kwenu limeliomba."

Majaji wakasogea mbele. Mchungaji Hartwig alikuja mbio, jasho likimtoka. "Ketura, mwanangu, jipangeni. Zamu yenu imefika."

"Waimbe wale ndege," Eliya alisema.

Hakuna aliyejipanga. Ketura alifuta alama ya kidole chake kwenye kioo kwa upindo wa mkono wa gauni. Kisha akasema, kwa sauti ile aliyofundishwa kuifikisha hadi viti vya nyuma, hata majaji wakageuka:

"Baba. Wewe unanisikia. Watakuvusha bahari, nami nitakudai mpaka nikurudishe mtoni. Nikifa, atakudai mwanangu. Akishindwa, atakudai mwanawe. Haki ya Mungu, hutabaki ndani ya kioo. Shangazi Nora, wewe ni shahidi. Eliya, wewe ni shahidi. Nanyi watoto mliomwita, nanyi ni mashahidi."