Majivu Baridi ya Kakoba

Hii alinihadithia Perpétue mwenyewe, juma lililopita, tukichambua maharage hapa kambini Nakivale. Alicheka yeye kwanza, ndipo nami nikapata ruhusa.

Mjukuu wake Doriane anasoma Mbarara, amepanga chumba mtaa wa Kakoba kwa Mama Swaleha. Alipokuja likizo alimweleza bibi yake, ambaye humwita koko, kwamba wasomi hawakiendei kila kitu moja kwa moja. Wa hesabu hupima mti kwa kivuli chake. Daktari hutazama macho akajua habari za ini. Wengine, wakitaka kuhakikisha jambo, huanza kwa kusema si kweli, waone litawafikisha wapi.

"Ni njia ya kuzunguka, koko."

Perpétue, aliyeishia darasa la tatu, aliipenda njia hiyo kupita kiasi.

Sasa siku hizi kila akipiga simu jioni, Doriane anajibu haraka kwamba ni mzima, "Niko bien, koko," na kukata. Perpétue akaingiwa na hofu: mtoto analala njaa na anaficha. Akaapa kwamba akikuta ni kweli atamrudisha Nakivale, masomo yaishie hapo. Kumuuliza? Hiyo si akili ya wasomi! Akafunga sombe, yaani kisamvu, iliyokwisha kuiva, na ndagala, vile vidagaa vikavu, akapanda gari bila kumwambia mtu.

Alifika mchana, Doriane yuko darasani. Majiko ya wapangaji yamepangwa barazani. Tuseme mtoto anakula, aliwaza Perpétue kama profesa. Basi jiko litakuwa na joto. Akalitambua jiko alilompa mwenyewe, akatia kidole majivuni. Baridi. Sufuria kavu. Akapima na majiko ya wengine: yote baridi! Kumbe si mtoto tu, nyumba nzima inakufa njaa. Machozi yakamtoka.

Akawasha moto. Ndagala zikaingia kwenye mafuta, harufu ikabisha hodi kila mlango. Mama Swaleha akatoka, midomo imemkauka. Perpétue akampelekea sahani kwa mikono miwili.

"Kula, mama. Njaa haina haya."

Mama Swaleha akaitazama sahani, akalitazama jua. "Mama, tumefunga. Ni Ramadhani."

Perpétue, ambaye majirani zake Nakivale ni Wasomali, anayeamshwa na adhana kila siku, alibaki na sahani mkononi kama aliyeiiba.

Doriane akaingia, sketi imeshikwa na pini kiunoni.

"Ona vile umekonda!" Perpétue akajitetea.

"Sketi ni ya Mama Swaleha, koko. Yangu iko kwenye kamba."

"Na jiko?"

"Banafunga, mimi nipike mbele yabo? Mangaribi ninakulaka kwabo, tena mingi. Na weye unapigaka simu saa ile ile, mudomo wangu umejaa!"

"Mbona haukusema?"

"Haukuniuliza."

Jua lilipotua, sombe iliwekwa kati ya uji na tende. Mama Swaleha akachota, akachota tena, akamgeukia mgeni: "Mwezi huu mashetani yote yamefungwa. Wewe, mama, nani alikufungulia?" Wakacheka hadi uji ukamwagika. Perpétue ndiye aliyecheka zaidi.

Walipolala kitanda kimoja, aliuliza waziwazi, kwa mara ya kwanza: "Doriane, uko na njaa?"

"Hapana, koko. Nimeshiba. Lala."

Mtoto akasinzia. Perpétue akaamua kwamba kesho atarudi Nakivale peke yake, akavuta shuka, naye akalala.