Seva ya Mama

Kila asubuhi, hata mkoba hajautua, fundi mitambo wa redio aliingia chumba cha nyuma, akaweka kiganja juu ya seva na kusema, "Shikamoo, mama." Wenzake walimcheka mpaka wakachoka, na kaka yake ndiye aliyeanza. Seva yenyewe ilikuwa kuukuu, inakohoa kama mbwa mzee, lakini ndani yake ilikuwamo sauti ya marehemu mama yao, miaka na miaka ya kipindi cha watoto. Kanda za zamani zilikwishaliwa na ukungu. Hapakuwa na nakala nyingine.

Mama alikuwa na namna yake ya kufungua kipindi. Alinyamaza kidogo hewani ili watoto waiamkie redio majumbani, kisha akaitikia, "Marahaba, wanangu." Fundi alipokuwa mdogo aliamini kabisa kwamba anasikika.

Sasa feni ya seva ikaanza kugoma. Kaka, aliyerithi kiti cha umeneja, akaja na hoja yake: wahamie kwenye wingu, yaani kila kitu kikahifadhiwe kwenye mashine za kampuni ya mbali, kupitia mtandao.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," fundi, dada yake, akamjibu. "Hii iko humu, na ufunguo ninao mimi. Huko tutakuwa wapangaji. Mwenye nyumba akitufukuza je?"

"Mbachao wenyewe una matundu, dada. Siku chumba hiki kikishika moto, huo ufunguo utakusaidia nini?"

Swali lilimkera fundi. Akakubali nakala ya majaribio ipelekwe, kwa sharti moja tu: aende akaone kwa macho yake mama anakowekwa.

Akaenda. Mlango wa ukumbi wa kampuni ulipofunguliwa alisahau hata kusalimia. Makabati ya chuma yalijipanga safu kwa safu, vitaa vya kijani vikipepesa hadi macho yaliposhindwa kufika, na mvumo wake aliusikia kifuani kabla ya masikioni. Yeye maisha yake yote alikuwa akiuguza mashine moja! "Mungu wangu," akanong'ona.

"Mama yangu yuko wapi?" akamuuliza mhudumu.

Mhudumu hakucheka. Akatazama kompyuta yake, akampeleka kwenye kabati moja. "Yumo humu, mzima. Na kwenye majengo yetu mengine mawili pia yumo, mzima vilevile."

Fundi akaweka kiganja. Joto lilikuwa lile lile. Akafungua kipindi kwenye simu yake, kupitia mtandao, na mama akaanza kusimulia habari za mbuzi aliyeogopa kivuli chake.

"Izime mashine hii, nione kama ataendelea," akasema.

Mhudumu akahamisha kwanza kazi za wateja wengine, kisha akamwonyesha swichi. "Zima mwenyewe."

Akabonyeza. Taa za mashine zikafa, na mbuzi akaendelea kukimbia. Mama hakukata hata neno. Fundi akalia pale pale, mbele ya mgeni, wala hakuona haya. Siku zote alidhani kitu cha thamani hulindwa kwa kufungiwa, na sasa aliogopa na kufurahi kwa pamoja.

Asubuhi ya kuhama, kaka alisimama nyuma yake katika chumba cha nyuma, safari hii bila utani. Diski za seva zingetunzwa kabatini, maana fundi ni fundi. Akachomoa waya. Feni ikazunguka polepole, ikatulia. Chumba kile hakikuwahi kuwa kimya namna hiyo, na joto likaanza kupungua chini ya kiganja chake.

"Shikamoo, mama," akasema, kwa mazoea.

"Shikamoo, mama," kaka naye akasema, kwa sauti ndogo.

Katika studio ya jirani kipindi cha watoto cha mama kilikuwa ndiyo kwanza kinaingia hewani, kutoka huko mbali. Spika ya ukutani ikanyamaza kidogo.

"Marahaba, wanangu."