Vitambaa Kumi na Vinne vya Meza Kuu

Jumatano asubuhi, saa moja kasoro robo, Bi Pasi alimaliza kung'arisha kitasa cha shaba cha mlango wa mbele wa klabu. Akakusanya tambara na kopo la dawa, akazunguka nyuma ya jengo, akapita mapipa ya taka, akaingia chumba cha kufulia. Pale mbele palikuwa na kibao: WANACHAMA NA WAGENI WAO TU. Kibao hakikutaja rangi ya mtu, wala hakikuwa na haja. Mtu mweusi aliruhusiwa kuugusa mlango ule kwa nje mpaka saa moja, akiwa na tambara mkononi. Bi Pasi alikuwa ameugusa hivyo miaka ishirini na miwili, na kitasa hakukizungusha hata siku moja.

Alikoroga wanga, akatandika kitambaa cha kwanza cha kufutia mdomo, akakinyunyizia maji kwa vidole. Pasi ilikuwa bado baridi, waya hajauchomeka. Lakini alipokilaza kitambaa kwa kiganja ili kukiweka sawa, mvuke ukafuka na mikunjo ikaisha. Akaisogeza pasi pembeni, akaendelea kwa mkono. Mikono yake ilikuwa hivyo tangu Jumatatu jioni.

Jumatatu ndiyo siku ilipokuja barua ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya furaha. Mjukuu wake, binti wa miaka kumi na sita aliyekuwa akimsaidia kung'arisha kitasa kabla ya kwenda shule, alipeleka shairi kwenye mashindano ya klabu. Klabu ilitaka mistari kumi na minne, naye aliandika kumi na minne. Picha hawakuomba. Kamati ikajibu kwamba ameshinda, aje Jumatatu kufanya mazoezi, apite mlango wa mbele, na Jumatano alisome mwenyewe ukumbini wakati wa chakula. Bi Pasi akamshonea gauni la buluu lenye ukosi mweupe, akalipiga pasi mara tatu.

Jumatatu binti akaenda. Bawabu akaisoma barua, akamtazama, akaisoma tena. Jioni ikaja ya pili: kamati inasikitika, ratiba imebana, shairi halitasomwa, zawadi ataichukulia kwenye dirisha la jikoni.

Saa nne mpishi aliingia na kikombe chake.

"Bi Pasi, chai yangu imepoa. Niiweke hapo begani kidogo."

"Weka. Usinimwagie tu."

Chai ikachemka. Mpishi akapuliza, akanywa.

"Hasira hasara, dada yangu."

"Hasara ya nani?"

Mpishi akafikiri, akaona swali ni zito kuliko mshahara wake, akarudi jikoni.

Baadaye akaja meneja, mweupe kama wanachama ila mwenyewe si mwanachama. Aliutazama mvuke ukitoka viganjani, akaitazama pasi, akaibeba akaifungie stoo. Umeme ulikuwa umepanda bei.

"Kuhusu yule binti," alisema akiwa mlangoni, "si mimi, bibi. Ni kamati."

"Kamati ni watu wangapi?"

"Kumi na wanne. Hao hao wa meza kuu. Vitambaa vyao vikunje nembo ikae juu."

Saa kumi binti akafika kutoka shule, amevaa gauni la buluu. Akakaa juu ya sanduku la sabuni, magoti pamoja.

"Umelivalia nini na husomi?"

"Nimelivalia shairi, Bibi."

"Basi lisome. Mimi nina masikio."

Akasoma polepole. Bi Pasi alikuwa anavipiga vile vitambaa vya meza kuu, na kila mstari uliotoka ukabaki kwenye kitambaa kilichokuwa chini ya kiganja, kwa herufi za rangi ya kahawia, kama mahali pasi ilipokawia. Cha kwanza kikasema: *Mlango mmeufunga, kitasa nakisugua.* Cha pili: *Sitaupiga kwa jiwe, silii mkasikia.* Mpaka cha kumi na nne: *Hasira yangu ni safi, imenyooka kwa pasi.*

Bi Pasi alivikagua. Havikutoboka, na pembe zilikutana. Kazi yake ilikuwa kukunja nembo ikae juu. Siku hiyo akakunja maneno yakae juu, akavipanga kwa mpangilio wa shairi, akampa mhudumu.

Jioni Bi Pasi na mjukuu wake wakasimama kwenye dirisha la kupitishia chakula. Mwenyekiti akakiinua kitambaa chake, akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Jirani yake akaona naye ana chake. Wakasoma kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kuizunguka meza.

"Wa tisa anakimbiza," binti alinong'ona.

"Ana njaa huyo."

"Bibi, wanalisoma."

"Nawasikia."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mwenyekiti akauliza ufundi ule ni wa nani. Meneja akasema ni mashine mpya. Kisha mtoto wa mweka hazina, aliyekuwa wa pili kwenye mashindano, akaitwa mbele, akasoma shairi lake la maua ya bustani, akapewa kikombe. Binti akapitishiwa dirishani kalamu ndani ya kiboksi, pamoja na ujumbe: Jumamosi kuna harusi, vitambaa arobaini na viwili, maneno yawe ya mapenzi.

"Waambie mashine imeharibika," Bi Pasi akamwambia meneja. Wakatoka kwa nyuma, kupitia mapipa.

Alhamisi aling'arisha kitasa kama kawaida. Shaba hushika joto. Kitasa kilishika la viganja vyake, na hakikuachia tena. Saa mbili mwenyekiti alipata malengelenge. Saa tatu, wengine watatu. Kamati ikakutana kwa dharura, na hakuna aliyetaja kuuacha mlango wazi. Walinunua jozi sitini za glavu nyeupe, wakaziweka kwenye kikapu kando ya kibao.

Kufikia Jumamosi glavu zilikuwa zimechafuka, zikaletwa kwa Bi Pasi. Akazifua, akazitia wanga, akazinyoosha kwa kiganja moja moja. Binti alikuwa anampangia.

"Hizi zinakunjwaje, Bibi?"

Bi Pasi alichukua moja, akalaza vidole ndani kimoja kimoja, halafu gumba akalipitisha juu, akakandamiza mpaka ikakauka.

"Hivi."

Wakazikunja zote. Jumatatu asubuhi kikapu kilirudi mlangoni kimejaa ngumi nyeupe mia na ishirini. Wanachama wakafika, wakazikunjua, wakazivaa, wakaingia.