Truphena na Mtu Aliyekuwa Shimoni

Ukuta wa shimo uliporomoka saa nne asubuhi. Truphena alikuwa akikoroga uji wa wachimbaji aliposikia wanaume wakikimbia. Alitupa mwiko, akawafuata. Kwenye shimo alimkuta Maroa, msimamizi wa wachimbaji, amelala kifudifudi ukingoni, mkono mmoja ameunyoosha nyuma kuwazuia wenzake wasisogee.

"Bwana Anselmo yuko chini," Maroa alisema bila kugeuka. "Yuko hai. Lakini anaongea maneno hatuyajui, dada."

Anselmo alikuwa Mhispania, mpimaji wa miamba, aliyekuja kwenye machimbo ya Osiri mwaka huo wa 1965 kuangalia kama mashimo ya zamani bado yana dhahabu. Na wafanyakazi alizungumza Kiingereza cha kuokoteza, na dereva wake, Ogeto, akakigeuza Kiswahili. Sasa jiwe lilikuwa limempiga kichwani na Kiingereza chote kimemtoka. Ogeto alikuwa amemwita mpaka sauti ikakauka. Kilichorudi kutoka chini kilikuwa Kihispania kitupu, kama cha mtu anayeota.

Truphena alikijua kidogo. Kwa miaka mitatu alikuwa mpishi wa masista huko Homa Bay, na Sista Remedios alikuwa akimfunza wakiosha vyombo. Alianza na amri, maana jikoni ndizo zilizohitajika.

"Nyinyi mnakata kichwa," Sista alikuwa amemwambia. "Kutoka kusoma, mnasema soma. Sisi tunakata mkia. Lavar ni kuosha. Toa ile r, unabaki na lava, osha. Barrer, kufagia, inakuwa barre. Abrir, kufungua, ile i inageuka e: abre."

"Na nikimwambia mtu mzima? Kwetu Sindo humwambii mzee 'leta.' Unamwambia 'ulete.'"

Sista alicheka sana. "Hata kwetu mwisho unabadilika! Lava inakuwa lave. Barre inakuwa barra."

Wiki iliyofuata Sista alihamishwa. Namna ya kukataza jambo, Truphena hakuwahi kufunzwa.

Alimwambia Maroa kwamba anakijua kidogo, akalala chini kando yake, akachungulia. Anselmo alikuwa amefukiwa mpaka magotini, damu imemfunika jicho moja. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika nguzo ya mti iliyoegemea ukuta, naye alikuwa akiivuta ili ajinasue. Kila alipovuta, udongo ulimwagika mabegani mwake.

"Mwambie asivute," Maroa alinong'ona. "Huo mti ndio umeshikilia kila kitu. Ukitoka, tunamzika."

Asivute. Truphena alilitafuta neno, hakulipata. Kuvuta alikujua, tirar, lakini akisema tira atakuwa amemwambia avute zaidi! Moyo ulimpiga mpaka masikioni. Kama hawezi kumkataza, basi amwamuru kitu gani? Ndipo akamkumbuka Sista akimpokonya sufuria aliyokuwa akiisugua bila kuchoka. Dejar. Kuacha.

"Deje, señor!" aliita, kwa heshima yake yote. "Deje!"

Anselmo alivuta tena. Mawe matatu yakaanguka.

"Deja!" Truphena alipaza sauti kama anayefukuza ng'ombe shambani. "Deja el palo!"

Mikono ikauachia mti. Uso ukainuka, jicho moja likimtafuta.

"Ameacha," Maroa alisema, akashusha pumzi. "Haya. Achimbue miguu. Polepole."

"Cava," Truphena aliita. "Cava con las manos." Neno hilo lilitoka bustanini kwa masista. Anselmo akaanza kuchimba kwa vidole, akilia kama mtoto. Mguu wa kulia ulitoka mzima; wa kushoto ulipotoka, wote waliona jinsi ulivyopinda.

Wanaume wakateremsha kamba.

"Ata!" aliita. "Ata la cuerda!"

"Hata nini?" Ogeto aliuliza nyuma yake.

"Nyamaza! Namwambia afunge."

Anselmo aliipitisha kamba kwapani, akafunga fundo moja, kisha kichwa kikamwangukia kifuani. Truphena hakufikiria tena nani mkubwa na nani mdogo. Alimwita vile mama angemwita mtoto aliyezama.

"Mira! Mira aquí! Respira! Ata otra vez!"

Tazama hapa, pumua, funga tena. Mikono ikasogea. Fundo la pili likafungwa. Maroa akainua kidole, na wanaume wanane wakakaza kamba.

Sasa alihitaji neno ambalo hakuwahi kulisikia kama amri. Sista alizoea kusema subir kila alipopanda ngazi za kanisa. Truphena alikata mkia, akageuza i, akalitupa shimoni bila hakika.

"Sube! Sube, Anselmo!"

Anselmo akaukanyaga ukuta kwa mguu mzima, akasukuma. Wakavuta. Kichwa chake kilipofika ukingoni, Maroa alimkamata shati, wakaanguka wote chali. Walikuwa hawajamburuta hatua kumi nguzo ilipovunjika chini kwa mlio mkali, na shimo lote likajifunga. Vumbi lilitulia. Maroa alivua kofia, akaivaa tena.

Walimlaza nyuma ya Landrova juu ya godoro lake. Ogeto aliendesha kuelekea hospitali, akikwepa mawe, na Truphena alikaa amekishika kile kichwa ili kisigonge.

"Perdone, señor," alimwomba radhi. "Nimekupigia kelele."

Midomo ya Anselmo ilisogea. Truphena aliinama kusikiliza.

"Habla," alisema yule mtu. Sema. Macho yalikuwa yakifumba. "Habla."

Kihispania cha Truphena kilikuwa kimekwisha. Basi alisema kwa Dholuo. Alimweleza juu ya Sindo, juu ya shangazi yake Filister aliyemgombeza kiongozi wa wavuvi mbele ya mume wake, juu ya bei ya omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya mvua. Kila aliponyamaza kutafuta la kusema, ile sauti ndogo ilimwamuru tena, naye akaendelea, mpaka wauguzi wakafungua mlango.